Jibu: Lita mbili kabla ya mechi Kisumu? Weka chupa chini

Weka hizo chupa chini, kijana. Mnashuka kutoka Nakuru kucheza Kisumu saa nane mchana, mpango wako ni kugugumia lita mbili za maji saa saba na nusu, halafu unauliza habari za glukosi na njumu za nyasi kavu. Njumu baadaye. Hizo lita mbili zitakutoa uwanjani kabla ya mapumziko.

Figo hutoa kama lita moja kwa saa, zikijitahidi sana. Ukimimina mbili kwa mkupuo, mengine yanabaki tumboni yakichapa huku na huku kila ukigeuka na mpira, na yaliyoingia kwenye damu yanaizimua chumvi. Kichefuchefu kinaanza, kichwa kinauma, halafu mtu anapiga kelele, "Mpeni maji, amekauka!" Sodiamu, yaani hiyo chumvi ya damuni, ikishuka sana mchezaji huchanganyikiwa, hata degedege humpata, na kumwongezea maji wakati huo ni kumzamisha.

Na hawa makocha wa kando ya laini, "jaza tanki, hutasikia kiu mpaka filimbi ya mwisho", nani aliwapa kazi? Hata ngamia hatunzi maji nunduni, ni mafuta. Wenyewe wako chini ya mwembe na soda baridi.

Kunywa MAPEMA, kwa uzani wako. Masaa manne kabla, mililita 5 hadi 7 kwa kila kilo. Una kilo 60? Ni 300 hadi 420, yaani chupa ya nusu lita isiyojaa, saa nne asubuhi, polepole. Saa sita nenda msalani uangalie mkojo. Manjano hafifu, uko sawa. Ukiwa wa rangi ya strungi, au hauji kabisa, ongeza mililita 3 hadi 5 kwa kilo: 180 hadi 300. Baada ya hapo ni mafunda tu. (Tembe za vitamini B huukoleza mkojo hata ukiwa na maji ya kutosha, usidanganyike.)

Wengi hukaukia kwenye basi. Hawanywi wasije wakamwomba dereva asimame, wanafika midomo imepasuka, ndipo wanashambulia chupa. Na Kisumu si Nakuru: mko chini kwa zaidi ya mita 700, kuna joto, na kwa unyevu wa ziwa jasho linachuruzika bila kukauka, kwa hivyo halipozi mwili.

Glukosi weka ukitaka, ila sukari si chumvi, haizuii hiyo sodiamu kushuka.

Mazoezini jipime kabla na baada, na bukta tu, jasho umefuta. Kilo moja ikipungua ni kama lita moja imetoka. Ukikuta uzani umepanda, ulikunywa kupita kiasi.