Maswali ya wasomaji: Nilipiga simu kwa mbunge wa jimbo, sekunde 30 wakakata

*Habari dada, pole na kazi. Mi niko Columbus, Ohio, natunza wazee zamu ya usiku. Kazini wameniambia kuna mswada kwenye bunge la jimbo unaotaka mhudumu mmoja asiachiwe wazee wengi kupita kiasi, nikafurahi sana manake hiyo ndo shida yetu kila siku. Nikapiga simu ofisi ya mbunge wetu, akapokea kijana mmoja, ndo kwanza naanza kujieleza akasema asante mama tutamfikishia ujumbe, akakata. Hata sekunde 30 hazikufika. Niliumia dada. Alafu mwenzangu akaniambia wewe si raia, una grini kadi tu, hapo unapoteza muda na unaweza kujitafutia matatizo. Ni kweli? Na kama si kweli nifanyeje wanisikie?*
Mama wa zamu ya usiku, Columbus

Nzuri dada yangu, pole na wewe kwa kukesha.

Naanza na hilo la uraia manake najua ndo linalokunyima usingizi hata mchana. Huyo mwenzako amekosea. Kupiga kura ni kwa raia, sawa, ila kumwambia mbunge shida yako ni haki iliyoandikwa kwenye Marekebisho ya Kwanza ya Katiba ya Marekani tangu 1791, kwamba watu wana haki ya kuiomba serikali iwaondolee yanayowaumiza, na neno pale ni watu, si raia. Na zaidi ya hapo, wakati wa kugawa wilaya za uchaguzi Ohio wanahesabu kila anayeishi pale, mwenye uraia, asiye na uraia, mpaka mtoto mchanga, na mwaka 2016 Mahakama Kuu ya Marekani ilikubali kwamba jimbo linaruhusiwa kuhesabu hivyo (ilikuwa kesi ya kutoka Texas). Yaani wewe umo kwenye ile hesabu iliyompa huyo mbunge wilaya yake. Ni mtu wake kabisa.

Ila kuna jambo moja nakuomba sana ulishike. Usiseme hata siku moja kwamba wewe ni raia au ni mpiga kura, hata kwa bahati mbaya. Nasema hivi kwa sababu vyama vingi vinatoa barua zilizoandikwa tayari, unaweka jina tu na kutuma, na nyingi zinaanza na maneno "mimi ni mpiga kura wako". Futa hiyo sentensi. Kwa mtu asiye na uraia kujitangaza raia ili apate kitu inaweza kumharibia kabisa mambo ya uhamiaji, sheria ya hilo ni kali na haina huruma. Wewe andika "mimi ni mkazi wa wilaya yako", inatosha na ni kweli.

Sasa turudi kwa yule kijana na sekunde zake 30. Dada, mimi nakuambia ile simu haikupotea. Mbunge wa jimbo hana jeshi la wafanyakazi kama wale wa Washington, wengi wana msaidizi mmoja au wawili tu na huyo huyo ndo anapokea simu, anasoma imeili, anapanga ratiba. Ukipiga, anachofanya kwa kawaida ni kuandika vitu vinne: jina, unapokaa, namba ya mswada, unaunga mkono au unapinga. Basi. Mwisho wa siku au wa wiki mbunge anaambiwa kwamba mswada fulani watu wa nyumbani 14 wanautaka, wawili hawautaki. Kwa hiyo kijana akikukata haraka mara nyingi anadhani ameshapata anachohitaji. Swali langu kwako ni je alipata? Ulimtajia mtaa unaokaa? Ulimpa namba ya mswada? Manake kama hukutaja, basi huenda hakuwa na kitu cha kuandika, na hapo ndo simu nyingi zinapofia.

Hebu jaribu tena hivi. Kwanza ingia kwenye tovuti ya bunge la Ohio, kuna sehemu unaweka anwani yako inakutolea majina mawili, mmoja wa Baraza la Wawakilishi na mmoja wa Seneti, manake una wabunge wawili na sio mmoja na watu wengi wanamsahau wa pili. Alafu tafuta mswada wenyewe, ukianza na HB umezaliwa kwenye Baraza la Wawakilishi, ukianza na SB umezaliwa Seneti, andika namba kwenye karatasi. Angalia uko kamati gani. Alafu piga, useme taratibu: "Naitwa fulani, naishi mtaa fulani, namba ya posta ni fulani, napiga kuhusu HB namba fulani, naomba mheshimiwa aiunge mkono. Natunza wazee usiku. Wiki iliyopita nilikuwa peke yangu na wazee 22, mmoja alianguka chooni nikiwa namgeuza mwingine kitandani. Naomba unijulishe mheshimiwa ana msimamo gani." Hapo nimekuandikia mfano tu, wewe weka la kwako lililotokea kweli, moja tu, lile ambalo ukifumba macho bado unaliona. Usitaje jina la mzee wala nyumba unayofanyia kazi, siri ya mgonjwa inalindwa na sheria ya nchi tangu 1996, na wewe mwenyewe unahitaji kazi yako. Piga kwa simu yako, nje ya saa za kazi. Na kwa kuwa wewe unatoka asubuhi ofisi zao ndo zinafunguliwa, basi piga ukiwa umefika nyumbani, umekaa, hujalala.

Lile swali la mwisho la msimamo wa mheshimiwa usiliache, hata kama kijana anaonekana ana haraka. Ndo linalowalazimu kukurudia.

Sasa kuna kitu kikubwa kuliko vyote nilivyosema, nacho ni wakati. Wengi wetu tunasikia habari za mswada ukishafika ukumbini kupigiwa kura, tunaanza kupiga simu kama moto umewaka, wakati mambo yalishaamuliwa kwenye kamati wiki kadhaa nyuma. Miswada mingi haishindwi kwa kura, inakufa kimya kimya kwa sababu mwenyekiti wa kamati hakuipangia kikao. Ohio bunge moja linakaa miaka miwili, na mswada ambao haujapita mpaka mwisho wa mwaka wa pili umekufa, mwenyewe aanze upya bunge jipya likiingia. Kwa hiyo ukiona mswada wako umelala kamatini miezi na miezi, simu yako ya pili iende kwa mwenyekiti wa hiyo kamati hata kama si mbunge wako, useme tu unaomba mswada upangiwe kikao. Hayo ni maombi madogo na ni rahisi kukubaliwa kuliko kumwomba mtu abadili msimamo.

Na Ohio wana utaratibu wao mzuri, kikao cha kwanza kwa kawaida ni cha mbunge mwenye mswada kuueleza, kinachofuata ni cha wanaounga mkono, kingine cha wanaopinga. Ukijua hivyo unajua siku yako ni ipi. Huwezi kwenda? Peleka maelezo kwa maandishi kwenye ofisi ya mwenyekiti siku moja kabla, na fomu yao ya shahidi, ukurasa mmoja unatosha kabisa. Jua tu kwamba hayo maandishi yanakuwa wazi kwa kila mtu kusoma, kwa hiyo usijaze mambo ya ndani ya familia yako.

Mimi mwenyewe niliwahi kukaa kwenye kikao cha kamati katika jimbo ninaloishi, mswada ulikuwa wa wakalimani hospitalini. Tulisubiri karibu masaa manne. Tuliahidiwa dakika tatu kila mtu, zikapunguzwa zikawa mbili. Wataalamu walisoma karatasi zao haraka haraka na wabunge walikuwa wanaangalia simu, kusema ukweli. Akaja mama mmoja, Kiingereza chake kama cha wengi wetu tulipofika, akaweka karatasi chini akasema: mtoto wangu wa miaka tisa ndo alinitafsiria kwamba nina uvimbe tumboni. Akanyamaza. Wale watu wakainua vichwa. Mwenyekiti akamuuliza swali, alafu mwingine, dakika zake mbili zikawa karibu kumi. Nilitoka pale nikiwa nimeelewa kwamba Kiingereza kilichonyooka sio kinachotakiwa, kinachotakiwa ni mtu aliyekuwepo kitu kilipotokea. Na wewe dada usiku ule ulikuwepo.

*Shikamoo dada. Mimi niko Houston. Nimewaandikia maseneta wetu wawili wa Washington imeili tatu kuhusu mswada wa Texas wa mambo ya shule, hawanijibu. Wamenipuuza?*
Mwanafunzi, Houston

Marahaba mdogo wangu. Hawajakupuuza, umebisha hodi nyumba siyo. Wale wawili wanatunga sheria za nchi nzima, mswada wa Texas hauwahusu. Wako unapitia Austin, kule kuna maseneta wa jimbo 31 na wawakilishi 150, na kati yao una mmoja mmoja wa kwako. Majina yanachanganya kweli, wote wanaitwa seneta, hata wenyeji wanakosea.

Ila angalia kalenda kwanza. Bunge la Texas linakutana mwaka mmoja linaruka mmoja, kikao cha kawaida ni miaka inayoishia na namba witiri, kinaanza Januari, hakizidi siku 140, labda gavana aite kikao maalumu. Siku 140 zikiisha mswada ambao haukupita umekwisha. Wale watu wanalipwa dola 7,200 kwa mwaka, yaani 600 kwa mwezi, wengi wana kazi nyingine nyumbani, na mimi naona miezi wanayokuwa nyumbani ndo wakati mzuri wa kuomba kuonana nao, wana nafasi ya kukaa na kukusikiliza kuliko mwezi Mei wakati kila kitu kinakimbizana. Kwa hiyo kama kikao kimefungwa usikate tamaa, omba miadi ofisi yake ya wilayani, nenda na wanafunzi wenzako wawili watatu wanaokaa wilaya hiyo hiyo.

*Mwanangu, salamu katika Bwana. Mimi ni mzee wa kanisa. Vijana wetu wameandika barua moja, watu 60 wamesaini, wanataka kuituma kwa kila mbunge wa jimbo letu. Wengine wanasema kanisa likifanya siasa litanyang'anywa ule msamaha wa kodi. Tufanye nini?*
Mzee wa kanisa, Kentucky

Shikamoo mzee. Kinachokatazwa kabisa ni kanisa kumpigia debe mgombea au kumpinga, hapo ndo msamaha wa kodi unaingia hatarini. Kuzungumzia mswada kunaruhusiwa, mradi isiwe ndo sehemu kubwa ya kazi za kanisa. Barua moja haina neno. Kama mnaona wasiwasi basi kila mmoja aandike kama yeye, kwa jina lake na anwani yake, na hapo kanisa halimo.

Na kwa kweli mzee mimi ningependa hivyo hata kama wasiwasi haupo. Kentucky kuna wawakilishi 100 na maseneta 38. Barua ikienda kwa wote hao, karibu wote wataiweka pembeni kwa sababu walioisaini hawakai kwao. Waambie vijana wakae jioni moja baada ya ibada, wenye simu watafute kila mtu wilaya yake kwa anwani, wapange majina makundi makundi. Pengine mtakuta 40 kati ya 60 wana mwakilishi mmoja. Basi hao 40 waandike kila mtu mistari yake mitano kwa mkono wake, hata yenye makosa, wasinakili, alafu watu watatu wazipeleke Frankfort, bunge la jimbo lilipo, kwa pamoja kwenye bahasha moja.

Msisubiri sana lakini mzee. Kikao cha Kentucky mwaka wa namba shufwa ni siku za kazi 60 na mwaka wa witiri ni 30 tu, na kwa mwaka wa witiri bunge lazima lifunge kabla Machi haijaisha. Mwaka huo bahasha ikifika Aprili itakuta ukumbi mtupu.