Data ni ile ile, majibu mawili

SWALI: Habari za kazi, Daktari. Naandika tasnifu ya uzamili kuhusu biashara mpya katika kaunti 47 za Kenya. Nilipogawanya biashara mpya kwa biashara zilizokuwepo, kaunti zenye ukosefu mkubwa wa ajira ndizo zilizoongoza. Msimamizi wangu akataka nigawanye kwa nguvukazi, yaani idadi ya wafanyakazi wa kaunti, na mambo yakapinduka: penye ukosefu wa ajira, biashara mpya ni chache. Data ni ile ile. Nimekosea wapi?

JIBU: Hesabu yako haina kosa. Nikiwa mwanafunzi nilipoteza siku mbili nikisaka kosa la aina hii, kumbe halikuwepo. Wanauchumi David Audretsch na Michael Fritsch walikumbana na kinyume hiki hiki katika takwimu za Ujerumani Magharibi, wakaandika kukihusu katika miaka ya 1990.

Chukua kaunti mbili za kubuni, kila moja ina wafanyakazi 100,000. Ya kwanza ina biashara 2,000, na mwaka huu zimefunguliwa 200. Ya pili ina 10,000, zimefunguliwa 500. Kwa kipimo chako, ya kwanza inaongoza: asilimia 10 kwa 5. Kwa kipimo cha msimamizi, ya pili inaongoza: biashara 5 kwa kila wafanyakazi 1,000, dhidi ya 2. Ile ya kwanza haikuongoza kwa uchakarikaji wa watu wake. Ina biashara chache tu za kugawanyia. Na penye biashara chache mara nyingi ndipo penye ajira chache. Uhusiano chanya uliouona huenda umetoka hapo.

Niko upande wa msimamizi wako. Kibanda hakizai kibanda. Anayefungua ni mtu, na kwa kawaida hufungua karibu na anapoishi au anapofanya kazi. Kipimo chako kingefaa kama ungeuliza soko linajipyaisha kwa kasi gani.

Ila nguvukazi nayo ina mtego wake, na kwa Kenya mtego huo unaitwa Nairobi. Fundi wa kuchomelea anaishi Kitengela, kaunti ya Kajiado, karakana yake iko huko huko, lakini fomu imejazwa kwa Sanduku la Posta la Nairobi. Yeye anahesabiwa Kajiado, biashara yake inahesabiwa jijini. Nairobi inavimba, jirani zake wanakonda. Jaribu kuziunganisha Nairobi, Kiambu, Kajiado na Machakos ziwe eneo moja, kisha rudia hesabu. Matokeo yakibadilika sana, ulikuwa unapima anwani.

Hujaniambia biashara hizo mpya umezitoa wapi. Kama ni kwenye sajili ya leseni, angalia sana. Utafiti wa biashara ndogo wa KNBS, shirika la takwimu la Kenya, wa mwaka 2016 ulikadiria biashara zenye leseni kuwa milioni 1.56, na zisizo na leseni milioni 5.85. Kwa hiyo kaunti inayokusanya ada kwa ukali inaweza kuonekana ina wajasiriamali wengi, kumbe ina askari wa kaunti wengi. Mama mboga aliyeanza Januari akakata leseni Septemba ataonekana wa Septemba. Asipokata, haonekani kabisa.

Tenganisha pia uchuuzi na viwanda, maana duka hufunguliwa kwa mtaji mdogo kuliko kiwanda. Jedwali la nguvukazi liweke kwenye sura yenyewe, lako la awali kwenye kiambatisho. Usilifute: mtahini atalitafuta.