Sinywi, na mwenyeji wangu anataka kunipeleka pabu

SWALI: Assalaam alaykum. Mimi ni kijana wa Wete, natembeza wageni msitu wa Ngezi na pwani ya Vumawimbi. Bwana mmoja wa Nottingham, ambaye huja huku na mkewe kila mwaka, amenialika kwao mwezi wa Septemba. Ameniandikia kwamba jioni ya kwanza atanipeleka kwenye pabu, yaani baa ya Kiingereza, kongwe ya mjini kwao nikaone 'real ale', na naona hilo amelipania kuliko yote. Mimi ni Muislamu, sinywi. Nikikataa namvunja moyo, nikienda naona haya. Na hiyo bia yenyewe ni kitu gani, maana akiwa huku kila siku analalamika kwamba bia za hotelini ni baridi mno?
Msomaji, Wete, Pemba

JIBU: Waalaykum salaam, mwanangu. Hukumu ya kukaa mahali panaponywewa pombe kamuulize sheikh wako, yeye ndiye mwenye elimu hiyo. Mimi nakujibu ya adabu za watu na ya hiyo bia. Nami sinywi, lakini kabla sijarudi kukaa Kikwajuni nilifanya kazi jikoni katika pabu moja ya mjini huko Uingereza, kwa hiyo nasema niliyoyaona.

Ukiridhika kwenda, usingoje mpaka mfike kaunta. Mwandikie leo: nitafurahi kufuatana nawe, ila mimi situmii pombe. Ukisema mapema havunjiki moyo mtu. Ukisema wakati bilauri imeshajazwa na kulipiwa, hapo ndipo penye fedheha. Watu wa pabu hununuliana kwa zamu: mmoja huinuka akawanunulia wote mezani, kisha mwingine, mpaka zamu izunguke. Asiyetoa zamu yake huonekana bahili hata kama hapana anayemwambia. Wewe hutaki kumnunulia mtu pombe, na ni haki yako, basi sema kwamba chakula cha jioni hiyo ni juu yako. Pale nilipofanya kazi alikuwapo Msomali mmoja, dereva wa basi, aliyekuwa akifanya hivyo na wenzake. Akichelewa walikuwa wakimwekea kiti.

Sasa bia. Bia za chupa za hotelini kwetu kwa kawaida zimechujwa, zimepashwa moto zisiendelee kuchachuka, na zimetiwa gesi, ndiyo maana zinakaa miezi. Anayoizungumzia bwana wako hutoka kiwandani ikiwa hai. Hutengenezwa kwa shayiri, maji, hopsi (maua machungu ya kutia ladha) na hamira, na ile hamira huingia pamoja nayo ndani ya pipa, ikaendelea kufanya kazi humo humo mpaka siku ya kuuzwa. Wewe mtu wa Pemba huhitaji mwalimu hapo: unajua kwamba tembo la mnazi la asubuhi silo la jioni. Pipa la kawaida ni la galoni 9, kama lita 41, painti 72. Likishaanza kuuzwa hewa huingia, na kwa siku tatu hivi inatakiwa liwe limekwisha, la sivyo bia inaharibika ladha na kuanza ukali wa siki.

Nilikuwa nikipenda kumtazama mzee aliyelitunza ghala, chini ya jikoni letu. Pipa likiletwa hulazwa ubavu, na likishalazwa halitikiswi tena. Juu yake pana tundu. Mzee hupigilia kijiti laini kinachopitisha hewa, povu likawa linatoka polepole. Akiona limetulia hukiondoa, akapigilia kigumu ili gesi iliyobaki isitoke. Kesho yake hukinga kidogo kwenye bilauri, akainyanyua mbele ya taa, akanusa, akaonja. Ikiwa na ukungu haiuzwi siku hiyo. Na hili nilishangaa kulijua: kwa jadi yao, kinachoifanya bia iwe angavu bila kuchujwa ni mabondo ya samaki, vile vibofu vya hewa, yaliyoyeyushwa. Huikusanya hamira na kuizamisha chini ya pipa. Siku hizi wapo watengenezaji walioyaacha, kwa ajili ya wateja wasiokula nyama wala samaki.

Ghala huwekwa kwenye nyuzi joto 11 hadi 13, na bia huvutwa juu kwa pampu ya mkono, haisukumwi na gesi. Wanaosema Waingereza wanakunywa bia ya moto wanakosea. Ni baridi ya kiasi, kwa kuwa ikizidi baridi ladha hupotea, na ndiyo sababu ya malalamiko unayoyasikia.

Wala usidhani bwana wako ni mlevi. Miaka ya 1960 viwanda vikubwa vilikuwa vikiiondoa bia ya pipa na kuleta ya gesi, isiyohitaji mtunzaji. Mwaka 1971 wanywaji waliochoshwa na hali hiyo wakaanzisha chama, CAMRA, kikawa kinapigania mapipa na pabu zenyewe, na mpaka leo kipo. Anachotaka kukuonyesha ni kitu kilichokaribia kupotea, na watu wa kawaida wakakiokoa. Kwa hilo mimi nawaheshimu.

Nottingham ina pabu iitwayo Ye Olde Trip to Jerusalem, chini ya jabali la ngome, na nadhani huko ndiko atakakokupeleka. Ukutani pameandikwa 1189, mwaka aliotawazwa mfalme Richard wa Vita vya Msalaba, na husimuliwa kwamba askari wake walipumzika hapo kabla ya kwenda Baitul Muqaddas. Wanahistoria huliweka jengo lenyewe karne ya 17, na pabu nyingine mbili za mji huo, The Bell Inn na Ye Olde Salutation Inn, nazo zinadai ukongwe. Usimbishie mwenyeji. Vyumba vilivyochongwa ndani ya mwamba ni vya kweli, utaviona. Ulizia pia jahazi dogo la mfano lililojaa vumbi: wanasema kila aliyelisafisha alikufa.

Mhudumu wa kuja mezani kuchukua oda ya vinywaji usimtarajie. Nenda kaunta, simama, usipige makofi wala kuita, muuzaji anajua nani katangulia. Lipa papo hapo. Agiza maji ya soda yenye ndimu, wala hapana atakayekukodolea macho.

Hapa nisikilize vizuri. Neno 'cider' ubaoni si juisi ya matufaha, ni pombe. Shandi ni bia iliyochanganywa na soda. Samaki wa kukaanga, ulizia kama rojo la unga limetiwa bia, kwani mara nyingi hutiwa. Pai ya nyama huenda imepikwa kwa bia. Na vile vipakiti vinavyoning'inia nyuma ya kaunta pamoja na viazi, vingine ni ngozi ya nguruwe iliyokaangwa. Soma kabla hujafungua.

Mwombe mwenyeji akuulizie kama mnaweza kushuka ghalani. Nendeni mchana wa siku ya kazi, si Ijumaa usiku. Mtunzaji asiyesongwa na wateja hupenda kuulizwa, na wewe muulize pipa linalouzwa wakati ule kalifungua lini.