Jua linawachoma abiria wa mbele: niongezeje kivuli kwenye boti?

SWALI: Shikamoo mama. Mimi ni kijana wako wa Pasua, hapa Moshi. Nina boti ya faiba ya futi 18 yenye injini ya farasi 25, na wikiendi huwa napeleka familia kutembea bwawa la Nyumba ya Mungu. Boti ina paa dogo la turubai juu ya usukani tu. Mama yangu na watoto hukaa mbele, na jua linawachoma tangu saa tatu asubuhi tunapoingia majini hadi saa kumi tunapotoka. Fundi wa kuchomelea ameniambia anifungie mabomba ya chuma na bati mpaka mbele kabisa. Nikubali? Na kama ni turubai, nichukue lipi?
Msomaji wa Pasua

JIBU: Marahaba mwanangu. Bati usikubali, hata akikufanyia bure.

Boti ya futi 18 inatulia kwa sababu uzito wake uko chini. Ukipandisha mabomba ya chuma na bati juu ya vichwa vya watu, siku watoto watakapohamia wote upande mmoja kuangalia ndege, boti italala zaidi na itachelewa kunyooka. Halafu kuna upepo, na pale Nyumba ya Mungu hakuna msitu wa kuuzuia. Kipande cha mita 4 za mraba kikipigwa uso kwa uso na upepo wa kilomita 36 kwa saa, kinasukumwa kwa nguvu ya kilo 25 hadi 30 hivi. Upepo ukiongezeka mara mbili, nguvu hiyo inakuwa mara nne, yaani zaidi ya kilo 100. Turubai utalifungua ulilaze. Bati utalifanyaje ukiwa katikati ya bwawa?

Sasa jambo ambalo wengi hawalipimi: paa peke yake halitamsaidia mama kwa saa ulizotaja. Kwetu jua linakuwa juu kabisa yapata saa sita na nusu mchana, na mwezi Machi na Oktoba linakaribia kusimama wima utosini. Muda huo paa linafanya kazi yake. Lakini saa tatu asubuhi na saa kumi jioni jua liko chini, linakuja kwa ubavu. Paa likiwa mita moja juu ya mapaja ya aliyekaa, kivuli chake kinaangukia zaidi ya mita moja na robo pembeni. Boti yako ina upana gani? Sehemu kubwa ya kivuli kitakuwa majini, na mama bado anaungua. Kwa hiyo unahitaji vitu viwili: paa jepesi la kukunja, na pazia la pembeni linalohamishika, maana boti ikigeuka jua linahamia upande wa pili.

Paa litengenezee matao mawili ya bomba za alumini, ambayo uzito wake ni kama theluthi ya chuma, yenye bawaba chini ili yalale nyuma pamoja na turubai. Maji yale ya Kikuletwa na Ruvu si ya chumvi kama ya Tanga, kwa hiyo alumini na bolti za stenlesi zitadumu. Kwenye ukingo wa faiba usitumie skrubu, zitang'oka. Toboa, pitisha bolti, na kwa ndani weka kipande cha bamba na washa pana, kisha ziba tundu kwa silikoni.

Kitambaa cha juu kiwe turubai la akriliki ukilipata. La lori, lile la PVC, linazuia jua na mvua vizuri lakini ni zito, na joto linabaki chini yake. La pamba likikunjwa bichi linaoza. Na hapa Moshi najua utashawishika na hema kuukuu za wapanda mlima, maana zinapatikana kwa bei nafuu. Kitambaa chake ni chembamba na jua limeshakila. Chukua zile fimbo zake ukitaka, kitambaa kiache. Upande wa juu uwe wa rangi ya kung'aa ili urudishe joto, lakini wa chini uwe wa rangi iliyokolea, kijani au bluu. Ukiwa mweupe, mwanga unaotoka majini utagonga pale na kurudi machoni mwenu.

Pazia la pembeni lishone kwa neti ya kivuli, hii wanayotumia wakulima wa mboga Tengeru. Inapunguza jua na bado inapitisha upepo, kwa hiyo haisukumi boti kama kitambaa kizima. Chagua iliyofumwa kama sweta, kwa sababu ukiikata haifumuki.

Kwenye kona ndipo kazi ya fundi inapoonekana. Kunja kitambaa mara tatu, weka mkanda mpana wa begi juu yake, shona mraba kisha msalaba ndani ya mraba, ndipo upige ringi ya shaba katikati ya mkanda. Uzi uwe wa poliesta. Wa pamba utaoza kabla ya turubai. Pazia usilifunge kwa kamba kavu. Tumia vipande vya tyubu ya baiskeli, vile vya kufungia mizigo: upepo ukivuta vinanyumbuka, na ukitaka kulitoa unavuta mara moja tu.

Hilo la kutoa haraka nalisisitiza kwa sababu ya watoto. Boti ikipinduka, pazia lililofungwa chini linamzuia mtu kutoka, hata akiwa amevaa jaketi la kuokolea. Lifunge juu tu, na chini liishie usawa wa bega la aliyekaa. Wewe mwenyewe ukiwa kwenye usukani uone mbele na pande zote bila kuinama.

Kabla hujatoboa chochote, chora matao yako kwenye karatasi na uandike vipimo, kisha waoneshe wakaguzi wa TASAC, shirika la serikali linalosimamia usalama wa vyombo vya majini. Boti ikishabadilishwa umbo la juu ni vizuri waione upya, hasa ukianza kupakia watu wa kulipa. Mchoro huohuo ndio utampa fundi wa alumini, na mwambie matao ayakate marefu kidogo kwanza. Kufupisha ni rahisi.