Mashine ya bibi haitoi biskuti

SWALI: Asalaam alaykum Bi Jikoni. Mie nipo Wete, bibi yangu kaniachia mashine ya biskuti ya zamani, ile ya aluminiamu ya kuzungusha kwa juu, na visahani vyake vya maua na nyota vyote vizima. Sikukuu ndo hiyo inakuja lakini kila nikibana unga haukai kwenye trei, unanyanyuka na mashine, na zile chache zinazokaa zikingia oveni zinatawanyika hata ua silioni. Trei naipaka mafuta vizuri na beking pauda natia kijiko kizima. Mashoga wananambia nitupe ninunue ya plastiki.

JIBU: Waalaykum salaam mwanangu. Usitupe, na hao mashoga wakija kula biskuti wape chai kavu 😄

Mashine haina kosa. Hayo mafuta ya kwenye trei ndo adui yako, maana biskuti za kubana lazima unga ung'ang'anie bati ndo uachane na mashine, sasa ushateleza utashikia wapi? Trei iwe kavu, haina mafuta wala karatasi, na iwe ya baridi, ikitoka oveni usibanie hapohapo kwa pupa, siagi itayayuka kabla hata hujamaliza mstari. Mdomo wa mashine uuguse bati sawasawa, zungusha mpaka uone unga unachungulia pembeni, rudisha nyuma kidogo, kisha nyanyua wima. Mbili tatu za mwanzo zikitoka kombo zirudishe kwenye unga.

Beking pauda toa kabisa, ile kazi yake kufurisha na wewe unataka ua libaki ua. Siagi robo kilo, sukari ya unga gramu 125, yai moja, unga wa ngano gramu 300 mpaka 320, chumvi kidogo na iliki (mie bila iliki sili). Siagi iwe laini ya kubonyea, si ya maji, na ile margarini ya kupaka mkate iache, mara nyingi ina maji mengi. Unga usiuweke frijini kabla ya kubana, utakuwa mgumu mkono ukuume bure, ila ukishabana tia trei nzima frijini robo saa, kwa joto letu hili hapo ndo umbo linaposhika. Oveni 190, dakika 8 mpaka 10, zikianza rangi pembeni toa.

SWALI: Yangu nimeiosha kwa magadi imekuwa nyeusi. (Msomaji, Jang'ombe)

JIBU: Magadi na aluminiamu havipatani dada. Chemsha maji na ndimu kadhaa, tumbukiza vipande dakika 10, sugua kwa kitambaa laini, suuza. Vianike kimoja kimoja vikauke kabla hujavifunga, hasa ile parafujo ya kati.