Sikukuu na familia inayokupokea

Mdogo wangu, umeuliza kama ujifungie chumbani siku ya sikukuu ili usiwaingilie wenyeji wako. Usithubutu. Mlango ukifungwa kutwa nzima watadhani wamekukosea. Muulize mama mwenyeji mapema: wageni wanakuja lini, watu huvaaje, zawadi hupewa nani. Kisha shika kazi bila kungoja kuombwa. Ukisimama na shangazi yao mnafuta vyombo, maongezi yanakuja yenyewe, hata kama lugha bado inakupiga chenga. Zawadi isikuumize kichwa, kadi uliyoiandika kwa mkono inatosha kabisa. Simu ya kuongea na wa kwenu ipangie saa, usije ukanyanyuka mezani watu wanakula. Na machozi yakikujia, mwambie mama mwenyeji waziwazi kwamba umewakumbuka wa kwenu, asije akadhani kuna aliyekuudhi.