Mkanda mpya unaolia kila asubuhi

Pole, ndugu. Umesema mkanda wa alternata, ile mashine inayochaji betri, kwenye Corolla yako ya zamani ni mpya kabisa, ila kila asubuhi unalia ukiwasha gari, na fundi anataka ununue alternata nyingine. Usitoe pesa bado. Mkanda mpya hutanuka kidogo siku za kwanza na kulegea, hivyo lazima ukazwe tena.

Zima injini, toa waya wa hasi wa betri. Bonyeza mkanda kwa nguvu ukitumia kidole gumba, katikati ya puli (magurudumu ambamo mkanda hupita) mbili zilizoachana zaidi. Kwa magari mengi ukizama kama milimita 10, sawa. Ukizama mara mbili ya hapo, umelegea. Legeza bolti inayoshikilia alternata na ile ya kurekebishia, vuta alternata kuelekea nje ili mkanda ukazike, kaza bolti, pima tena. Nakusihi usizidishe: mkanda uliokazwa kama uzi wa gitaa huua beringi za alternata na za pampu ya maji, na hapo ndipo gharama kubwa inapoanza.

Tazama pia mifereji ya puli. Kwa vumbi letu la Goma, hili jeusi la mawe ya volkano, uchafu hujaa humo na kusaga mpira. Futa kwa kitambaa kikavu. Ukikuta oili, tafuta kwanza inakovuja. Mkanda ulioloa oili hauponi, ubadilishe. Dawa za kupuliza za kunyamazisha kelele, achana nazo.

Endesha siku chache, halafu pima tena injini ikiwa baridi.